Sauti Juu ya Picha: Filamu za Makala katika Afrika Mashariki

Filamu ya makala huonyesha watu halisi katika mambo yao halisi, tofauti na filamu ya kuigiza ambamo mtu huvaa maisha ya mtu mwingine. Jina lenyewe limehamia kutoka gazetini: makala ilikuwa kwanza maandishi marefu ya kueleza jambo, redio ikalichukua neno, kisha televisheni. Wapo wanaosema filamu ya hali halisi, na mijini dokumentari imezoeleka. Katika nchi zinazosema Kiswahili aina hii ya filamu ina umri wa karibu miaka mia moja, na kwa sehemu kubwa ya umri huo aliyeonekana kwenye picha hakuwa ndiye aliyesikika. Ndiyo maana historia yake hufuatika vizuri zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho.

Kamera za mwanzo zilikuja na wasafiri na wawindaji. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walipiga kambi Marsabit, kaskazini mwa Kenya, katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1928 wakatoa filamu waliyoiita Simba. Ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za Marekani. Wenyeji waliomo ni wabeba mizigo na waonyesha njia, nao hawakutarajiwa kuiona.

Filamu zilizokusudiwa kuonwa na Waafrika wenyewe zilianzia Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, mwaka 1935. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulipata fedha kutoka shirika la Carnegie la New York, na msukumo wake ulitoka kwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ambalo lilikuwa limechunguza namna migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyokuwa ikivunja maisha ya vijijini. Wasimamizi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu huko Rhodesia ya Kaskazini. Katika muda wa miaka miwili walitengeneza filamu zipatazo 35: safura na vyoo, mafunzo ya tiba ya mifugo, mashamba ya wakulima wadogo Kingolwira karibu na Morogoro, kodi, kuweka fedha katika benki ya posta. Nyingi zimepotea.

Picha hizo zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa peke yake katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, halafu fundi akajaribu kuendesha santuri na mkanda kwa pamoja. Lori lenye jenereta, projekta na pazia jeupe lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mahali ambapo santuri haikueleweka, mfasiri alishika kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya hapo. Watengenezaji waliuona huo kama upungufu wa mitambo. Kwa watazamaji, hata hivyo, yule mtu aliyesimama gizani kando ya pazia ndiye aliyekuwa msimuliaji wa kweli, kwa kuwa aliweza kuongeza chumvi, kujibu swali na kumtania aliyekaa mbele. Serikali za makoloni zilikataa kuendelea kugharimia kazi hiyo, nayo ikafungwa mwaka 1937.

Miaka miwili baadaye Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, ambaye alikuwa ameonyesha filamu za afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo akaagiza picha ndefu, za polepole, zisizo na ujanja wa kamera. Hakuna aliyekwenda kuipima nadharia hiyo kwenye kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako watu walikuwa wakilipa fedha zao kutazama filamu za Misri na Bombay zenye nyimbo, ndoto na mafumbo chungu nzima, na wakatoka wamezielewa. Kitengo kilifungwa mwaka 1955.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1950 ilitengenezwa pia Tanganyika mikanda michache ya kuigiza kwa Kiswahili, ikiwemo Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu, Rashidi Mfaume Kawawa, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mikanda hiyo haikuwa makala, lakini ilionyesha jambo ambalo filamu za mafunzo zilikuwa zimelisahau, kwamba mtu hupenda kusikia lugha yake ikitoka kinywani mwa anayemwona.

Kwa wageni, mandhari iliendelea kuwa kubwa kuliko watu. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, waliyoipiga kutoka katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo kabla kazi haijakwisha, na mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar. Ilichochea michango mingi ya kuhifadhi wanyama. Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti na kuhamishiwa Ngorongoro, na katika filamu sauti ya Kijerumani inawataja wafugaji kama tatizo linalohitaji utatuzi. Hawakuulizwa neno. Mwaka 1966 ikafuata Africa Addio ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, yenye picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja wakati wa mapinduzi ya Januari 1964. Picha hizo zimebaki kuwa ushahidi unaogombaniwa hadi leo, na ugomvi unakuwa mgumu zaidi kwa sababu zimefunikwa na maelezo ya kejeli ambayo hayawezi kutenganishwa nazo kwa urahisi.

Uhuru ulibadilisha mwenye kamera, lakini si namna ya kusema. Tanzania ilianzisha kitengo cha filamu cha serikali, kisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na mwaka 1974 taasisi ya picha na sauti kwa msaada wa Denmark. Magari ya sinema yaliendelea kuzunguka vijijini, safari hii yakibeba vijiji vya Ujamaa, elimu ya watu wazima na ziara za viongozi. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Zanzibar ilipata yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi vilipoanza. Kwa miaka thelathini, basi, mtengenezaji wa makala wa Bara hakuwa na mahali pa kuonyesha kazi yake zaidi ya gari la serikali.

Mgawanyo wa zamani, picha kwa huyu na sauti kwa yule, ulionekana hata katika kazi ya mpigapicha mashuhuri kuliko wote wa eneo hili. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Oktoba 1984 alipiga picha za njaa ya Ethiopia huko Korem, zikazunguka dunia nzima na kuzaa michango mikubwa ya misaada. Maneno yaliyozisindikiza yalikuwa ya mtangazaji wa BBC, Michael Buerk, na nje ya Afrika Mashariki wengi hukumbuka sauti ya Buerk kabla ya jina la Amin.

Mabadiliko ya kwanza katika kusikiliza yalitoka upande usiotazamiwa, kwa wataalamu wa mila. David MacDougall na mkewe Judith walipiga filamu kwa Wajie wa Karamoja, Uganda, mwaka 1968, na kwa Waturkana mwaka 1973 na 1974. Badala ya kumweka mtaalamu aeleze maana ya ng'ombe na mahari, waliwaacha wazee na wake zao wazungumze wenyewe, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Leo maandishi hayo ni jambo la kawaida hata kwenye simu. Wakati ule yalikuwa karibu uasi, maana mtazamaji wa Ulaya alilazimika kumsikia mzee wa Kiturkana akibishana, akikwepa swali, akicheka, na hata akihoji kwa nini wageni wale wapo pale.

Kwa Tanzania hatua kubwa ilichukuliwa na Flora M'mbugu-Schelling. Mwaka 1987 alitoa Kumekucha, kuhusu wanawake na kazi zao, na mwaka 1992 filamu ya dakika 45 inayojulikana kwa jina la Kiingereza, These Hands. Kamera imewekwa katika machimbo ya Kunduchi, kandokando ya Dar es Salaam, ambako wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaponda mawe kuwa kokoto kwa nyundo za mkono. Msimulizi hayupo, wala muziki wa kuhurumia. Nyundo inagonga, jiwe linapasuka, mtoto analia, mama anamnyonyesha na kurudi kwenye rundo lake. Mara chache yanasikika mazungumzo, na kuna kitambo wanawake wanaimba na kucheza. Maelezo machache kuhusu kazi yao na malipo yake yanakuja kwa maandishi mwishoni, mtazamaji akiwa amekwisha kuihesabu gharama kwa masikio. Kwa nchi iliyozoea filamu zinazofundisha tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kunyamaza huko kulikuwa jambo jipya kabisa. Ni vigumu kutaja filamu nyingine ya Kitanzania ya muongo ule iliyofanya mengi kwa maneno machache kiasi hicho. Kokoto za namna hiyo zilikwenda kwenye ujenzi wa jiji, na filamu haikuhitaji kulisema.

Mwaka 1997 lilianzishwa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalofahamika pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, na kwa mara ya kwanza makala za eneo zima zikapata mahali pa kukutana: Ngome Kongwe, chini ya nyota, watoto wamekaa mbele. Visiwani ndiko ilikostawi makala ya wasanii. Mwingereza Andy Jones alimfuata Bi Kidude, jina lake halisi Fatma binti Baraka, na mwaka 2006 akatoa filamu ambayo jina lake linatokana na jibu la bibi huyo alipoulizwa umri: umri wake ni sawa na wa ulimi wake. Filamu inamfuata jukwaani Ulaya, lakini sehemu zake nzuri ziko nyumbani, sigara mkononi, ngoma ya msondo mapajani, na katika unyago alikokuwa somo wa wasichana. Mwongozaji huyohuyo alirudi kurekodi miezi yake ya mwisho kabla hajafariki Aprili 2013. Ron Mulvihill, Mmarekani aliyewahi kuongoza Arusi ya Mariamu na Maangamizi pamoja na Watanzania, aliandaa makala ya miaka mia ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Bara nako Amil Shivji na Rebecca Corey walitengeneza Wahenga, kuhusu wanamuziki wa dansi wa zamani wanaorudi jukwaani na nyimbo ambazo wengi walidhani zimekwisha kuzikwa kwenye maktaba ya redio.

Filamu iliyoizungumzisha Tanzania kuliko zote katika miaka hiyo, hata hivyo, ilikuwa ya mgeni. Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilionyesha Mwanza, minofu ya sangara inayopakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayobaki kwa wenyeji, na minong'ono kwamba ndege hizo huleta silaha. Ilishindania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Waliotetea filamu walisema umaskini ulioonyeshwa ulikuwepo, waliopinga wakasema mji mzima umefanywa jalala. Malalamiko yote mawili yalikuwa na msingi, na yote yalizaliwa na jambo lilelile: mji ulielezwa kwa watu wengine, na wenye mji wakapata habari zake baadaye.

Wakati huo wapigapicha wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walikuwa wakiishi kwa makala za miradi. Shirika linachimba kisima, linahitaji dakika kumi za kuwaonyesha wafadhili: mama anachota maji, mtaalamu anaeleza, wimbo wa matumaini, nembo. Hizo ni wajukuu halali wa filamu za Vugiri, na ubora wake kisanaa ni mdogo. Ila zililipa kodi za nyumba, zilinunua kamera, na zilifunza kizazi kizima kuhariri.

Kizazi hicho ndicho kilichogeuza kamera kuielekeza nyumbani. Nchini Kenya mwongozaji Judy Kibinge alianzisha Docubox, mfuko wa kusaidia makala za Afrika Mashariki, na mwenyewe akatengeneza Scarred, kuhusu mauaji ya Wagalla huko Wajir ya Februari 1984. Kisha zikaja filamu zilizopigwa kwa miaka mingi ndani ya familia moja. Thank You for the Rain ya mwaka 2017 ilitengenezwa na Mnorwe Julia Dahr pamoja na mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, ambaye alishika kamera mwenyewe akarekodi ukame, mafuriko na ndoa yake. Philippa Ndisi-Herrmann alikwenda Lamu kutengeneza filamu kuhusu bandari mpya, akajikuta anasilimu. New Moon ya mwaka 2018 ikawa safari ya moyo wake, na bandari ikabaki kwa mbali upeoni mwa bahari. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inamfuata kijana anayerudi kutoka Mombasa kwenda Kilifi baada ya kusikia kwamba bibi yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, ametuhumiwa uchawi. Polepole inadhihirika kuwa nyuma ya uchawi kuna shamba. Wanafamilia wanazungumza Kigiriama na Kiswahili mbele ya kamera kana kwamba haipo, na hilo haliwezekani kwa ziara ya wiki mbili. Mpigapicha hukaa, huondoka, hurudi, hula, husaidia kubeba maji, mpaka kamera inazoeleka kama kiti cha nyumbani.

Softie ya Sam Soko, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020 na kupata tuzo ya uhariri, inafuata kampeni ya mwanaharakati Boniface Mwangi kugombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Siasa imejaa humo, lakini swali linalokaa na mtazamaji linaulizwa na mkewe, Njeri: je, nchi inakuja kabla ya watoto? Mwaka huohuo wa 2020 Peter Murimi alitoa I Am Samuel, kuhusu kijana wa Kenya anayempenda mwanamume mwenzake na kijiji cha wazazi wake. Septemba 2021 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Uwezo wa kufanya hivyo ni wa zamani: sheria za filamu na michezo ya jukwaani, ile ya Kenya yenye mizizi ya kikoloni na ile ya Tanzania ya mwaka 1976, zinamtaka mtu apate kibali kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha. Murimi alirudi mwaka 2024, pamoja na Daphne Matziaraki, na The Battle for Laikipia, ambamo wafugaji na wenye mashamba makubwa wanagombea malisho, na safari hii kila upande unasikika kwa kinywa chake.

Mashariki mwa Kongo kazi hiyo imefanywa kwa ukali zaidi. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa Maman Colonelle mwaka 2017, akimfuata afisa wa polisi Honorine Munyole anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2020 akawafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani, wakishuka mto Kongo kwa mashua wakiwa na mikongojo yao kwenda Kinshasa kudai fidia. Hamadi hushika kamera mwenyewe, na hasomi maelezo juu ya picha.

Februari 2024 tamasha la filamu la Berlin lilionyesha filamu ya Agnes Lisa Wegner, Mjerumani, na Cece Mlay, Mtanzania, kuhusu familia mbili zinazotafuta mafuvu ya mababu yaliyochukuliwa wakati wa utawala wa Kijerumani: ukoo wa Mbano wa Songea, ambao nduna wao, Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906, na ukoo wa Kaaya wa Meru, unaomtafuta Mangi Lobulu. Inaitwa The Empty Grave. Filamu haitegemei mwanahistoria wa kueleza. Inakaa na mume na mke wanaoandika barua, wanaopanda ndege, wanaosimama mbele ya masanduku ya makumbusho, na inawakuta Songea siku Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja kuomba radhi, Novemba 2023.

Mlay ni mmoja wa kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam, ambalo limetengeneza pia makala fupi iitwayo Tenzi za Sinema. Hiyo inawahusu watu ambao historia rasmi ya filamu iliwapita: wenye maktaba za kanda, wenye vibanda umiza vya kuonyeshea filamu, na madijei wanaotafsiri. Tangu enzi za kanda za VHS, wasimuliaji kama Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, walichukua filamu za kigeni wakaweka juu yake sauti yao ya Kiswahili, wakitafsiri, wakitania, wakiongeza majina ya mitaa ya Dar es Salaam pale ambapo filamu ilitaja Hong Kong. Katika Tenzi za Sinema mkanda unaotafsiriwa ni Maangamizi, filamu ya Kitanzania ya mwaka 2001 iliyoonwa zaidi kwenye matamasha ya nje kuliko nyumbani. Dijei anavaa vipokea sauti, anasogeza kipaza sauti karibu, na kibandani watazamaji waliobanana kwenye mabenchi wanaanza kucheka kabla picha haijafika.